Binti yangu wa miaka 15 sukari inashuka, mara ya tatu sasa. Zahanati wanasema njaa. Nianzie wapi?

#1 MamaK wa Kihonda (Jumatatu usiku)

Wakuu habari za usiku. Huwa nasoma tu humu, leo nimeona nikinyamaza nitakuja kujilaumu.

Nina binti wa miaka 15, kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Morogoro. Hana kisukari, hajawahi kulazwa. Mwezi wa pili alianguka mstarini asubuhi, walimu wakasema ni jua. Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi akiwa darasani, akaanza kutetemeka, jasho likamtoka mpaka daftari likalowa, akalaza kichwa kwenye dawati. Wenzake wakamnunulia soda, akawa sawa.

Jumapili ya jana ndiyo imeniondolea usingizi. Saa kumi na moja kasoro alfajiri nasikia anaongea peke yake chumbani. Nikaingia. Shuka limelowa kama limetoka kwenye beseni, macho yako wazi lakini hanioni. Ananiita shangazi. Shangazi yake alifariki 2019. Baba yake akaita bodaboda, tukampakia mshikaki mimi nimemkumbatia kwa nyuma. Zahanati wakamtoboa kidole: 2.6. Wakatundika dripu ya sukari, hazikupita dakika kumi akakaa akaniuliza, "Mama, huku tumefikaje?"

Malaria hakuna. Mganga akasema ni njaa, akale vizuri, tukaruhusiwa. Mtoto alikula wali na maharage usiku ule, nimempakulia mwenyewe. Sasa njaa gani hiyo? Niende wapi na niseme nini wanielewe?

#2 Chuma cha Reli

Pole sana mama. Mimi wa kwangu alikuwa hivyohivyo, anaamka saa kumi na nusu kuwahi daladala, haweki kitu tumboni. Nikaanza kumchemshia uji wa ulezi usiku, unakaa kwenye chupa ya chai, anakunywa akiwa anafunga viatu. Hajaanguka tena mwaka wa pili huu. Jaribu hilo kabla hujamaliza hela kwenye vipimo.

#3 Nesi wa Zamu

Mama K pole. Mkuu Chuma, uji ni mzuri, lakini soma tena alichoandika: alikula usiku, akashuka alfajiri mpaka akapoteza fahamu zake. Kijana mzima wa miaka 15 hata akilala bila kula, ini lina akiba ya kutoa sukari mpaka asubuhi na kupita. Anaweza kusikia njaa, akawa mchovu na mwenye hasira, ila hashuki hadi 2.6 na kumwita mama yake kwa jina la marehemu. Hiyo si njaa ya kawaida. Kuna kitu ama kinaisukuma sukari chini, ama kinaizuia kupanda.

Ngoja niseme la haraka kwanza, kwa sababu inaweza kutokea hata usiku huu.

Akianza kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, kuongea hovyo, na bado anaweza kumeza: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, au nusu kikombe cha juisi yenye sukari. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Akishatulia ale chakula cha kukaa tumboni, mkate, kiazi, ugali, la sivyo atashuka tena.

Kama hamezi, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, chukua sukari iliyoloweshwa kidogo upake chini ya ulimi na ndani ya shavu, huku mnatafuta usafiri. Mkiwa njiani endeleeni kupaka.

Sasa maswali. Amepungua uzito? Ngozi imekuwa nyeusi kuliko kawaida yake? Kuna mtu pale nyumbani anatumia dawa za kisukari?

#4 Mlonge Asilia

Unga wa mlonge kijiko kimoja asubuhi na asali mbichi usiku. Husawazisha sukari, iwe juu iwe chini. Akizimia mmiminie asali mdomoni, huzinduka papo hapo.

#5 Nesi wa Zamu

Mlonge Asilia, nakuheshimu, kwenye uzi wa vidonda vya tumbo tulishirikiana vizuri. Hapa naomba uifute hiyo sentensi ya mwisho. Asali ikimiminwa kwa mtu aliyezimia inaingia mapafuni. Na mlonge wenyewe umechunguzwa kwa sababu unadhaniwa kushusha sukari, sasa huyu wa 2.6 unamshushia ipi?

#6 Mlonge Asilia

Nimekuelewa dada, la kumimina naliondoa. La mlonge tutaongea siku nyingine, sijashindwa.

#7 Kidevu cha Mbuzi

😂 Mzee wa mlonge hajawahi kushindwa humu tangu nijiunge.

#8 Mwalimu wa Zamu

Nafundisha sekondari ya wasichana mwaka wa kumi na mbili huu. Wanaoanguka mstarini ni wengi, na wengi wao si sukari. Mmoja akianguka, wa pili anafuata, wa tatu anapiga kelele, wazazi wanakuja na mchungaji na shehe siku hiyohiyo, kila mtu anasema mapepo. Bukoba kule Kashasha mwaka 1962 ilikuwa kicheko, wasichana wa shule ya misheni walicheka na kulia mpaka shule ikafungwa, na vijiji vya jirani vikafuata. Hofu na mawazo yana nguvu kwenye mwili wa binti wa umri huu.

Mama, ulizia kama siku ile mstarini alianguka peke yake. Na pia kama kuna jambo linalomsumbua shuleni.

#9 MamaK wa Kihonda (Jumanne asubuhi)

Ahsanteni, nimesoma yote. Mwalimu, alianguka peke yake, na Jumapili alikuwa kitandani hakuna wa kumwambukiza hofu.

Nesi: uzito amepungua kidogo, sketi ya shule imelegea, nikadhani ni urefu. Ngozi sijui, hawa wanashinda juani. Dawa za kisukari, ndiyo, mama mkwe wangu anaishi nasi, anatumia vidonge. Ila mtoto hana sababu ya kuvila.

#10 Sindano Nne

Nimekuja mbio kwa sababu hilo la Jumapili nimelipitia mara nyingi. Nina kisukari aina ya kwanza, nilianza na miaka 12, sasa nina 22. Huyu binti hana kisukari, lakini kushuka ni kulekule, ngoja niwaambie kukoje mkiwa ndani yake.

Kwanza midomo inakufa ganzi. Halafu watu wanaongea kama wako chini ya maji. Mtu akikuuliza "umekula?" unajua ni swali, unajua jibu lipo, hulifikii. Unakasirika. Mara moja nilikuwa kwenye daladala natoka mechi, konda ananidai nauli, noti iko mkononi siwezi kumpa. Akasema nimelewa saa tisa mchana na sare ya shule, akanishusha. Mama mmoja muuza machungwa akaona nilivyolowa jasho, akanibinyia chungwa mdomoni, la pili, la tatu. Sikujua jina lake mpaka leo.

Kwa hiyo mama, msimgombeze akijibu vibaya au akikataa kunywa. Si yeye anayekataa.

#11 Baba Mapacha

Hapa kuna mtu kasema 2.6 kama vile ni janga. Wa kwangu alipimwa Nairobi ikaja 72 na daktari hakushtuka. Vipimo vinatofautiana sana, msimtishe mama wa watu. Mtu mzima kabla ya kula inatakiwa iwe 5 mpaka 7.

#12 Maabara Mtaa wa Pili

Baba Mapacha umechanganya vipimo viwili. 72 hiyo ni miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 unapata 4.0 kwa kipimo chetu cha milimoli, mtoto wako alikuwa mzima kabisa. Huyu binti kwa kipimo cha kwako alikuwa na 47 hivi. Na hiyo 5 mpaka 7 si sahihi, asiye na kisukari akiwa hajala huwa takriban 3.9 hadi 5.5.

Ila nami nina langu, kwa haki. Mashine za kidole zinaruhusiwa kukosea takriban 0.8 juu au chini kwenye viwango hivi. Vijiti vikipitwa na muda au kopo likikaa wazi kwenye joto, zaidi ya hapo. Kwa hiyo 2.6 inaweza kuwa 3.4. Mama, je alipimwa tena mahali pengine?

#13 MamaK wa Kihonda

Ndiyo, mara ile ya darasani mchana wake nilimpeleka maabara ya mtaani. Walitoa damu ya mkono saa nane, mwenye mashine hakuwepo, majibu tukapewa saa moja usiku, 3.1. Wakaniambia tena sukari iko chini.

#14 Maabara Mtaa wa Pili

Hilo jibu litupe. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida, chembe nyekundu zinaendelea kula sukari iliyomo, asilimia 5 mpaka 7 kwa kila saa. Saa tano hizo zimeila. Kipimo cha sukari kinatakiwa kiingie kwenye chupa ya kizibo cha kijivu, ina dawa ya kuzuia hilo, au ipimwe palepale. Wengi mtaani hawana hiyo chupa, wanatumia ya kizibo chekundu.

Kwa hiyo tuna kipimo kimoja tu cha kushika, hicho cha Jumapili. Nacho kina nguvu kwa sababu ya kilichotokea baada ya dripu. Kuna daktari wa upasuaji Mmarekani, Allen Whipple, miaka ya 1930 aliweka masharti matatu: dalili ziwepo, sukari iwe chini kwenye kipimo wakati wa dalili, na dalili ziondoke sukari ikipandishwa. Hayo matatu yakikamilika kwa asiye na kisukari, anastahili kuchunguzwa. Binti kayakamilisha yote kitandani zahanati.

#15 Baba Mapacha

Nimejifunza, ahsante mtu wa maabara. Miaka miwili nilikuwa nawaambia watu 72.

#16 Mwana wa Ujiji

Ongezeni na malaria. Niliwahi kukaa wodini Kigoma na mdogo wangu wa miaka 14, malaria kali, dripu ya kwinini. Siku ya pili akawa anazidi kulala, tukafikiri ni malaria imepanda kichwani. Muuguzi wa usiku akapima sukari, 1.9. Malaria kali yenyewe inakula sukari, na kwinini inalifanya kongosho kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari. Siku hizi malaria kali ni sindano ya artesunate kwanza, lakini bado wanatakiwa wapime sukari. Huyo hana malaria kwenye kipimo kimoja, rudieni.

#17 Nesi wa Zamu

Mwana wa Ujiji sawa kabisa kuhusu kwinini. Ila mara tatu ndani ya miezi miwili, katikati mzima anakwenda shule, malaria kali haiendi hivyo.

Mama K narudi kwa mama mkwe. Dawa gani hasa? Kama ni metfomini peke yake, hiyo kwa kawaida haimwangushi mtu. Kama kuna glibenklamidi, kidonge kimoja kwa mtu asiye na kisukari kinatosha kumfanya alale mzima aamke hajitambui, na kinaweza kufanya kazi siku nzima na zaidi, ndiyo maana hata baada ya dripu mtu anatakiwa abaki chini ya uangalizi. Angalia vinakaa wapi. Usianze kwa kumtuhumu mtoto.

#18 Bibi Harusi wa Tanga

Mimi naona watu wanapita mbali. Umri huo wasichana wanataka viuno. Kuna chai za kupunguza tumbo zinauzwa kwenye simu, nyingine hazina hata maandishi. Mpwa wangu alikuwa anamwaga chakula cha jioni kwenye mfuko wa nailoni, tuliukuta chini ya kitanda na wali umeota ukungu. Sketi kulegea mama si urefu. Kaa naye, baba asiwepo.

#19 Kidevu cha Mbuzi

Na mimi niseme la kuudhi: pombe. Tangu viroba vipigwe marufuku 2017 watu wanadhani watoto hawanywi. Wapo. Pombe kwenye tumbo tupu inalizuia ini kutengeneza sukari, alfajiri ndiyo anaanguka. Nilisomeshwa hilo na mtu wa hospitali baada ya jirani yetu.

#20 MamaK wa Kihonda (Jumatano usiku)

Kidevu, sikukasirika. Nilimnusa siku ile kama mama yeyote angefanya. Hakuna.

Leo nimekaa naye jikoni tunachambua mchicha, baba yake kazini. Chai za kupunguza hana, anaona aibu tu kula mbele ya wenzake mchana, anakula chipsi kavu akitoka. Hilo nimelishika.

Ila sikilizeni hili. Mama mkwe anaweka dawa zake kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Vile vibahasha vya plastiki wanavyoandika 1x2 vilichanika, akavimimina vyote humo, vya kisukari, vya presha, na vya maumivu ya magoti. Nimeuliza, glibenklamidi imo. Binti ndiye anayemchagulia bibi kila jioni kwa sababu bibi haoni vizuri. Na akiumwa tumbo la hedhi huchukua "kile cheupe cha bibi cha maumivu". Nimevipanga mezani. Vyeupe ni vya aina mbili, vyote vina mstari katikati. Nilikaa pale na taa ya simu, mikono inatetemeka.

Jumamosi jioni alichukua viwili. Mstarini pia alikuwa kwenye siku zake. Lakini ile ya darasani hakuwa kwenye siku, na anaapa hakumeza kitu.

#21 Chuma cha Reli

Subhanallah. Uzi ufungwe, jibu limepatikana. Naondoa uji wangu.

#22 Nesi wa Zamu

Usiufunge mkuu. Na uji usiuondoe.

Mama, umefanya kazi kubwa. Kopo hilo leo liwe na kufuli, bibi apangiwe dawa na mtu mzima. Hesabu vidonge: alipewa vingapi, tarehe ngapi, vinatakiwa vibaki vingapi. Na bado mtoto aende hospitali, kwa sababu ya ile ya darasani.

#23 MamaK wa Kihonda

Alipewa 60 tarehe 5, viwili kwa siku. Leo tarehe 23, vya leo ameshameza. Vinatakiwa 22. Vipo 17. Nimemuuliza bibi taratibu, anasema siku akila ugali mwingi huwa anaongeza kimoja. Siku ngapi? "Sikuhesabu mwanangu." Basi tumekwama.

#24 Sindano Nne

Mwambieni bibi kwa upole, naye anajihatarisha. Wazee wanaanguka bafuni na kila mtu anasema presha.

#25 Daktari Kijana

Niko mafunzoni, kwa hiyo mnaojua zaidi mnisahihishe. Nimesoma uzi wote na ninaona maelezo manne hayajafa.

Vidonge vya bibi, vinaelezea mara mbili kati ya tatu. Pili, kama asubuhi alikunywa chai yenye sukari nyingi na maandazi saa kumi na mbili, halafu kushuka saa nne: kuna watu insulini yao inazidisha kazi saa mbili mpaka tano baada ya kula vitu vitamu, hiyo inafaa kwa ile ya darasani ila haigusi ya alfajiri. Tatu, upungufu wa kortisoli, homoni inayosaidia sukari isishuke, yaani ugonjwa wa Addison, ambao kifua kikuu kinaweza kuuleta. Uzito unashuka, ufizi na mistari ya viganja inakuwa myeusi, mtu anatamani chumvi. Nne, uvimbe mdogo wa kongosho unaotoa insulini bila mpangilio, insulinoma. Ni adimu sana, sana. Nautaja kwa sababu tabia yake ni kuangusha mtu alfajiri akiwa hajala.

Kinachonisumbua ni hiki. Ukipima damu wakati sukari iko chini, insulini na C-peptidi (kipande ambacho kongosho hutoa pamoja na insulini yake) zitakuwa juu kwa mwenye uvimbe, na zitakuwa juu vilevile kwa aliyemeza glibenklamidi, kwa sababu kidonge hicho kinalikamua kongosho lake mwenyewe. Kwenye karatasi ni mapacha. Kinachowatofautisha ni kutafuta dawa yenyewe kwenye damu au mkojo, na maabara za kufanya hivyo ni chache. Ndiyo maana hesabu ya kopo la biskuti ina uzito kuliko mnavyodhani. Mpeleke na hilo kopo.

#26 Bibi Harusi wa Tanga

Kutamani chumvi? Mabinti wote wa Tanga wanakula embe bichi na chumvi na pilipili, basi sote tuna Addison.

#27 Daktari Kijana

Haha dada, embe haihesabiwi. Anayelamba chumvi mkononi ndiye wa kuangalia. Kipimo ni kortisoli ya asubuhi, mida ya saa mbili, pamoja na sodiamu na potasiamu.

#28 Ustadhi wa Makorora

Naomba nichomeke swali, mwanangu wa miaka 16 ana kisukari cha sindano na anang'ang'ania kufunga Ramadhani.

#29 Sindano Nne

Ustadhi, ruhusa ya mgonjwa unaijua kuliko mimi, Al-Baqara 185 ipo. Nilijaribu nikiwa na 15, siku ya tatu nikaokotwa msikitini kabla ya adhuhuri. Aende kwa daktari wake miezi miwili kabla, na akishuka chini ya 3.9 afungue palepale, asisubiri magharibi hata ikiwa zimebaki dakika tano.

Na kwa kuwa tuko hapa: mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana, Leonard Thompson, miaka 14, Toronto, Januari 1922. Aliishi mpaka 1935. Nikiwa na 12 nesi wa kliniki alinisimulia hilo, nikaacha kulia. Siku hizi watoto wengi wa kisukari hapa nchini wanapata insulini bure kwenye kliniki zao, asiyejua aulize hospitali ya mkoa wake.

#30 Mwalimu wa Zamu

Nimesoma hili la daladala mara mbili. Kesho naweka glukozi ya unga na kijiko kwenye droo ya ofisi ya walimu. Matroni wetu huwa anawapa maji wanaoanguka, basi.

#31 MamaK wa Kihonda (Alhamisi)

Niende na maneno gani? Pale mara ya kwanza nilisema "anaishiwa nguvu" wakaniandikia vidonge vya damu.

#32 Nesi wa Zamu

Usiseme kuishiwa nguvu, hiyo wanaisikia mara hamsini kwa siku. Rudi zahanati ya Jumapili kwanza, waombe waandike kwenye karatasi: saa aliyofika, hali yake, 2.6, dripu, na kwamba alizinduka baada ya dakika kadhaa. Waombe barua ya rufaa, bila barua bima inasumbua. Hospitali ya mkoa uliza daktari wa watoto. Mwambie sentensi moja: "Sukari ilishuka hadi 2.6 akachanganyikiwa, akazinduka kwa dripu, hana kisukari, na nyumbani kuna glibenklamidi." Watasimama.

Na jambo moja gumu. Akishuka akiwa mikononi mwa hospitali, waombe watoe damu kabla ya kumpa sukari, dakika moja tu, kwa sababu sukari ikipanda ushahidi unapotea. Akishuka nyumbani usifikirie ushahidi, mpe sukari.

#33 MamaK wa Kihonda (Jumamosi usiku)

Wapendwa, nilienda. Ile sentensi nilikuwa nimeiandika kiganjani kwa kalamu. Daktari wa watoto, kijana tu, aliisoma akaweka simu chini. Alimkagua viganja na ufizi, akasema sioni weusi wa kunitisha, ila kortisoli imetolewa, majibu yanatoka Dar. Kopo nimempa, amepiga picha vidonge.

Kwa mashine ya kuazima, asubuhi ya jana kabla ya kula alikuwa 3.4, na kopo limefungwa tangu Jumatano. Hakuwa na dalili yoyote. Hiyo nayo imeniongezea mawazo.

#34 Maabara Mtaa wa Pili

3.4 bila dalili kwa binti mwembamba aliyelala bila kula si ndugu wa 2.6. Na kumbuka hilo la 0.8 nililosema. Usilale macho kwa hiyo peke yake.

#35 Daktari Kijana

Naafiki, ila na mimi nisingeiacha ipite. Wanafanya nini kinachofuata?

#36 MamaK wa Kihonda (Jumatatu, saa tisa usiku)

Tumelazwa. Wamesema afunge huku wanamwangalia, waone kama itashuka bila kidonge chochote. Amekula saa kumi na mbili jioni, tangu hapo ni maji tu. Wanapima kila baada ya muda, mimi naandika nyuma ya daftari lake la Jiografia. Saa nne 4.6. Saa sita 4.1. Saa nane 3.9. Sasa hivi 3.7.

Yuko macho, ananiuliza kama kesho atakula chipsi mayai. Nesi ameweka chupa tatu kwenye sinia pembeni ya kitanda, moja ina kizibo cha kijivu. Nimeiona nikamkumbuka yule wa maabara.

#37 Sindano Nne

Niko macho pia mama. Andika namba ikija.

#38 Nesi wa Zamu

Na mimi niko zamu. Tuko na wewe.

#39 MamaK wa Kihonda

Saa kumi na nusu: 3.6. Hajatoka jasho. Amelala, nimemshika mkono, una joto.